Madai ya wagombea urais: jinsi kauli za kampeni nchini Kenya zinavyopimwa

Mnamo tarehe 26 Julai 2022, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, William Ruto alisimama peke yake kwenye jukwaa la mdahalo wa urais katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, jijini Nairobi. Mpinzani wake mkuu, Raila Odinga, hakufika. Miaka mitano kabla ya hapo, Julai 24, 2017, ilikuwa zamu ya Odinga kubaki peke yake jukwaani, kwa kuwa Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa akitetea kiti chake, naye hakuitikia mwaliko.

Kusudi la mdahalo ni kuwakutanisha mahasimu ana kwa ana, ili mmoja akitaja tarakimu yenye kasoro, mwenzake awepo wa kumkatiza hapo hapo. Mara mbili mfululizo kusudi hilo halikutimia nchini Kenya, na mdahalo ukageuka mahojiano marefu. Kazi ya kuuliza iwapo yaliyosemwa ni kweli ikawaangukia watu wasiogombea chochote: waandishi wa habari, mashirika ya uhakiki, na raia mwenye simu na subira ya kufungua nyaraka.

Kazi hiyo si anasa ya wasomi. Uchaguzi wa Desemba 2007 uliishia katika madai mawili yanayopingana kuhusu nani alishinda, na kila upande ukaamini dai lake. Katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Reli iling'olewa katika mtaa wa Kibera, malori ya mafuta yakakwama njiani, na mwanzoni mwa mwaka 2008 madereva wa Kampala, Kigali na Bujumbura walikuwa wakihangaika kutafuta petroli kwa sababu ya mzozo ambao hawakuupigia kura. Bandari ya Mombasa huhudumia nchi kadhaa, na kwa hiyo uongo unaosemwa kwenye mkutano wa hadhara nchini Kenya una njia ya kuufikia mfuko wa mtu aliye mbali na mpaka.

Wanaohakiki ni nani

Shirika la Africa Check lilianzishwa mwaka 2012 nchini Afrika Kusini na baadaye likafungua ofisi Nairobi. PesaCheck, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilianza kwa kuchunguza kauli zinazohusu fedha za umma, kama jina lake linavyodokeza, na huchapisha baadhi ya kazi zake kwa Kiswahili. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, nalo lina kitengo chake cha uhakiki. Vyombo vikubwa vya habari vya Kenya huwa na meza za namna hiyo wakati wa kampeni, ingawa nyingine hufungwa mara tu rais anapoapishwa, jambo la kusikitisha, kwa kuwa ndipo ahadi zinapoanza kupimika.

Utaratibu wao haufanani na wa mahakama. Kwanza hunukuliwa kauli yenyewe, neno kwa neno, pamoja na mahali na siku iliposemwa. Kisha aliyeitamka, au msemaji wake, huulizwa ameitoa wapi. Hatua hii ya pili hurukwa na watu wengi wanaojiita wahakiki mitandaoni, na kuirudia ni heshima kwa mgombea na kwa ukweli pia: mara nyingine chanzo kipo, na ni kizuri. Baada ya hapo hutafutwa rekodi ya asili, si habari iliyoandikwa kuihusu. Hukumu yenyewe hutolewa kwa ngazi. Kauli yaweza kuwa sahihi, si sahihi, isiyo na ushahidi, au ya kupotosha, na hii ya mwisho ndiyo yenye kazi zaidi, kwa maana kila neno ndani yake laweza kuwa kweli.

Ahadi haihakikiwi, hukokotolewa

Mtu akisema serikali imeshindwa, ametoa maoni, na maoni hayana rekodi ya kuyapima. Akisema atajenga barabara, ametoa ahadi, na kesho haina nyaraka. Kinachoweza kuhakikiwa ni kile kilichokwisha kutokea au kinachotokea sasa. Hata hivyo ahadi yenye tarakimu inaweza kufanyiwa hesabu, na kampeni ya 2022 ilitoa mifano miwili mizuri.

Muungano wa Azimio wa Raila Odinga uliahidi shilingi 6,000 za Kenya kila mwezi kwa kaya milioni mbili zenye uhitaji mkubwa. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: 6,000 mara milioni mbili ni shilingi bilioni 12 kwa mwezi, yaani bilioni 144 kwa mwaka. Bajeti ya mwaka wa fedha wa 2022/23 ilikuwa takriban trilioni 3.3. Kwa hiyo ahadi hiyo peke yake ingechukua zaidi kidogo ya shilingi nne katika kila mia moja ambazo serikali ilipanga kutumia, bila kuhesabu gharama ya kuwatambua na kuwalipa wahusika. Msingi wake ulikuwepo tayari, kwani mpango wa Inua Jamii ulikuwa ukiwalipa wazee waliotimiza miaka 70, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mgombea alikuwa akiahidi kiwango kilicho mara tatu ya kile kilichokuwepo.

Je, ahadi hiyo ilikuwa ya uongo? Hapana. Wala haikuthibitika kuwa ya kweli. Hesabu ilifanya jambo moja tu, nalo lilikuwa muhimu: ilimpa mpiga kura swali la kumuuliza mgombea, kwamba bilioni 144 zitatoka wapi, na nini kitapunguzwa. Mhakiki anayetangaza kwamba ahadi "haiwezekani" amevuka mpaka wa kazi yake na kuingia katika siasa.

Upande wa Kenya Kwanza, Ruto aliahidi mfuko wa shilingi bilioni 50 kwa mwaka wa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo, uliokuja kuitwa Hustler Fund. Kwa kipimo kilekile hiyo ni kama shilingi moja na nusu katika kila mia ya bajeti. Tofauti ya maana hapa haimo katika ukubwa wa kitita. Mkopo unatarajiwa kurudi, ruzuku hairudi, na aliyezilinganisha ahadi hizo mbili kwa kutazama tarakimu tu alilinganisha mbuzi na maziwa. Mfuko ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ukitoa mikopo ya kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kuanzia siku hiyo ahadi ilikuwa imekwisha kuwa kitu kinachopimika: fedha ngapi zimetengwa, ngapi zimekopeshwa, ngapi zimelipwa.

Deni: tarakimu ya kweli isiyo na jirani yake

Hakuna jambo lililobishaniwa kwa ukali zaidi ya deni la taifa. Juni 2013, miezi michache baada ya Kenyatta na Ruto kuingia madarakani, deni la umma lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9. Kufikia Juni 2022 lilikuwa limefika takriban trilioni 8.6, na mwezi huo huo Bunge likaipandisha dari ya kukopa kutoka trilioni 9 hadi trilioni 10. Hizi ni tarakimu za Hazina ya Taifa na Benki Kuu, na hakuna upande uliozikanusha.

Lakini tarakimu hizi zilitumika kujenga hadithi zinazopingana. Aliyesema deni limeongezeka zaidi ya mara nne alisema kweli. Aliyetaka kulipunguza makali angeweza kulipima dhidi ya uchumi wenyewe, ambao nao ulikua katika miaka hiyo: kwa kipimo hicho deni lilipanda kutoka takriban asilimia 40 ya pato la taifa hadi zaidi ya asilimia 60. Huo pia ni ukweli, na ni ongezeko kubwa, ila halina mshindo wa "mara nne". Mhakiki mwadilifu huziweka tarakimu zote mbili mezani. Mwanasiasa huchagua moja.

Kisha kulikuwa na suala la nani alikopa. Kenya Kwanza ilizungumza kuhusu deni kana kwamba ni mzigo wa kurithi. Azimio ikakumbusha kwamba Ruto alikuwa Naibu Rais kwa muda wote huo, tangu Aprili 2013. Hoja ya Azimio ilikuwa sahihi kwa tarehe, lakini nayo ilikuwa na upungufu wake. Odinga na Kenyatta walipatana hadharani Machi 9, 2018, na tangu hapo mpinzani wa zamani akawa mshirika wa rais huku Ruto akisukumwa pembeni ndani ya serikali aliyokuwa naibu wake. Katika hali kama hiyo kalenda ndiyo chombo bora cha mhakiki. Swali la nani wa kulaumiwa ni la kisiasa, na swali la nani alishika wadhifa gani, siku gani, lina jibu.

Upo pia usemi uliorudiwa sana mitaani, kwamba Kenya "imeuzwa kwa Wachina". Mwaka 2022 deni la Kenya liligawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya la nje na la ndani, yaani benki, mifuko ya pensheni na wawekezaji wa Kenya yenyewe. Katika sehemu ya nje, Benki ya Dunia ilikuwa ikidai zaidi kuliko China. China ilikuwa mkopeshaji mkubwa kuliko nchi nyingine yoyote, na mikopo yake ndiyo iliyogubikwa na usiri, lakini hayo ni mambo mawili tofauti na kuuzwa.

Dai likivuka lugha

Jambo hili huzungumzwa kidogo, ingawa ndilo linalowagusa zaidi wasikilizaji wa Kiswahili walio nje ya Kenya. Wagombea wa Kenya hujadiliana kwa Kiingereza katika mdahalo, huhutubia mikutano kwa Kiswahili, na wakifika nyumbani kwao huongea lugha za mama. Kauli moja yaweza kusemwa kwa namna tatu kwa siku moja, na uzito wake usiwe mmoja. Mhakiki anayefuatilia toleo la Kiingereza pekee hukosa lile lililosikiwa na watu wengi zaidi.

Upotovu mwingine hauna mkosaji. Kaya milioni mbili zikitafsiriwa kuwa "watu milioni mbili", ahadi hubadilika, kwa kuwa kaya moja nchini Kenya ina wastani wa watu karibu wanne: sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 katika kaya milioni 12.1. Riba ikitoka asilimia 8 hadi asilimia 12 na mtangazaji akasema imepanda kwa "asilimia 4", amekosea bila kutaka, maana imepanda kwa nusu ya ilivyokuwa. "Deni la taifa" na "deni la nje" hubadilishana nafasi katika habari nyingi kana kwamba ni kitu kimoja, na ghafla nusu ya deni inatoweka.

Kwa aliyesoma hesabu kwa Kifaransa, huko Bujumbura, Bukavu au Kigali ya miaka ya nyuma, kuna mtego zaidi. Bilioni ya Kenya, yaani milioni elfu moja, kwake ni miliari. Neno la Kifaransa linalofanana kimatamshi na bilioni ndilo hasa trilioni ya Kenya, kubwa mara elfu moja. Shilingi bilioni 50 za mkopo wa wafanyabiashara zikipita masikioni bila ufafanuzi, zaweza kuonekana ni nyingi kuliko bajeti nzima ya Kenya kwa zaidi ya mara kumi.

Bei nayo husafiri vibaya. Wagombea hupenda kusema kwamba kitu fulani ni nafuu katika nchi jirani, na mkazi wa Busia au Malaba hujua kwamba hilo huwa kweli asubuhi na uongo jioni. Ulinganisho wa haki unahitaji uzito uleule, ubora uleule, na kiwango cha ubadilishaji wa fedha cha siku ileile. Hata ndani ya nchi moja bei ina nyuso mbili: tarehe 20 Julai 2022 serikali ya Kenyatta ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ingeuzwa shilingi 100 badala ya 205. Tangazo lilikuwa la kweli. Madukani, hata hivyo, unga wa bei hiyo uliripotiwa kuadimika.

Kuhusu kurasa bandia za magazeti, barua zenye nembo za kughushi na video zilizokatwa, neno moja linatosha: ni nyingi, na ndizo rahisi zaidi kubaini. Gazeti lenyewe huulizwa, nalo hujibu. Zinawachosha wahakiki bila kuwafundisha jambo jipya.

Hesabu ya asilimia 100.01

Kura zilipigwa Agosti 9. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliweka wazi kwenye tovuti yake fomu namba 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, hatua iliyomwezesha yeyote kujumlisha mwenyewe. Uwazi huo ulileta fadhaa yake: kwa siku kadhaa vituo vya televisheni vilionyesha viongozi tofauti kwa wakati mmoja, kwa sababu tu kila kimoja kilikuwa kinafungua fomu kwa mpangilio wake. Hakuna kilichodanganya, na watazamaji wengi waliamini kwamba kimoja lazima kinadanganya.

Agosti 15 mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alimtangaza Ruto kuwa mshindi. Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo, na kesho yake wakatoa sababu. Mojawapo ilikuwa kwamba asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile ziada ya 0.01 ni sawa na kura takriban 142,000. Dai hilo lilienea kwa saa chache, likitoka safari hii katika vinywa vya waamuzi wenyewe wa uchaguzi.

Karatasi na kalamu zinatosha kulipima. Ruto alitangaziwa kura 7,176,141, Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Mwaure 31,987. Jumla ni 14,213,027. Asilimia moja ya kura hizo ni takriban 142,000. Sehemu ya mia ya asilimia moja ni kura kama 1,421. Makamishna walikuwa wameikuza ziada hiyo mara mia moja.

Na hata hizo 1,421 hazikuwa kura za mtu. Ruto alipata asilimia 50.4899, ikaandikwa 50.49. Odinga alipata 48.849, ikaandikwa 48.85. Ya Wajackoyah, 0.436, ikawa 0.44, na ya Mwaure, 0.225 na kitu, ikawa 0.23. Kwa bahati, tarakimu zote nne zilifupishwa kwa kupanda juu, na vipande hivyo vidogo vikijumlishwa ndivyo vinavyozaa ile 0.01. Tofauti halisi kati ya wagombea wawili wakuu ilikuwa kura 233,211. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba wa Mahakama ya Juu waliyaidhinisha matokeo.

Rekodi na muda

Uhakiki hutegemea milango iliyo wazi. Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya hutoa taarifa ya uchumi kila mwaka, Msimamizi wa Bajeti hueleza fedha zilivyotumika, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hueleza zilivyopotea. Kifungu cha 35 cha katiba ya 2010 humpa raia haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 za kumjibu. Kampeni rasmi za 2022 zilidumu siku 70, kuanzia Mei 29 hadi Agosti 6. Ombi moja la habari laweza kula karibu theluthi ya muda wote, na mgombea mwerevu analijua hilo.

Mikataba ya reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi inaonyesha kizingiti hicho. Treni za abiria zilianza Mei 31, 2017, lakini masharti ya mkopo wa China yaliendelea kufichwa, hata pale Mahakama Kuu mjini Mombasa ilipoamuru, Mei 2022, yatolewe. Kwa hiyo katika kampeni nzima kila mwanasiasa aliweza kusema lolote kuhusu mikataba hiyo bila hofu ya kukosolewa kwa maandishi. Ruto aliahidi kwamba akichaguliwa angeiweka hadharani. Novemba 2022 waziri wake wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alichapisha sehemu ya mikataba, na wahakiki wakasoma kifungu kinachoitaka Kenya kutunza siri ya yaliyomo. Nyaraka nyingine za mradi huo hazikuwamo.